Mguu na Kitabu

Wahenga walinena: Mshika mbili, moja humponyoka. Je, kijana anayetaka mpira na kitabu pamoja, hana budi kupotewa na kimojawapo? Neno hili lafaa lichunguzwe.

Huko Marekani vyuo vikuu vina timu zao za mpira wa miguu. Kijana hodari aweza kualikwa na chuo, na pengine chuo humlipia ada ya masomo, yote ama sehemu yake. Kwa tumaini hilo wavulana na wasichana wengi huamka kabla ya jua, wakakimbia na kujizoeza, kisha huenda shuleni. Jioni huanza tena. Lakini mguu peke yake haufungui mlango. Katika daraja la kwanza la mashindano ya vyuo, sheria yadai mwanafunzi awe amemaliza masomo 16 ya msingi katika shule ya sekondari, kwa wastani wa alama usiopungua 2.3 katika 4.

Hapo ndipo swali lenyewe hutokea. Mwanafunzi mmoja husoma kwa kuwa apenda kujua. Mwingine husoma ili asizuiwe kucheza tu. Wote wawili wapata alama zile zile. Je, wako sawa? Mbele ya sheria, ndiyo. Mbele ya dhamiri, hapana. Maana yule wa pili amekifanya kitabu kuwa nauli ya mtumbwi: akiisha kuvuka mto, haikumbuki tena. Siku atakapovunjika goti, ama mwalimu wa timu atakapomchagua mwingine, atabaki mikono mitupu. Wa kwanza naye atahuzunika kweli, lakini hatapotea.

Hata hivyo yule wa pili asihukumiwe upesi. Mtoto hupelekwa shambani kwanza kwa kulazimishwa. Baadaye huona mihogo yake imestawi, akalipenda jembe. Vivyo hivyo sheria ni kama ua unaolinda mche mpaka upate mizizi. Kosa si kuanza kwa kulazimishwa. Kosa ni kukataa kupenda.

Mia Hamm, mchezaji wa Marekani, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1991 pamoja na timu ya taifa lake. Angeweza kusema: Yatosha. Lakini alirudi chuoni North Carolina, akahitimu mwaka 1994 katika elimu ya siasa.

Tena yuko mwana wa Kongo, marehemu Dikembe Mutombo. Alifika chuo kikuu cha Georgetown mwaka 1987 akitaka kuwa mganga. Huko akaitwa kwenye mpira wa kikapu. Hakuwa mganga, wala hakuyaacha masomo: alihitimu mwaka 1991. Na mali aliyoipata kwa mchezo ilisaidia kujenga hospitali mjini Kinshasa, yenye jina la mama yake, iliyofunguliwa mwaka 2007.

Basi methali ya wahenga ni kweli kwake yeye ashikaye vitu viwili kwa choyo, kila kimoja kwa faida yake tu. Lakini aliyejua kwa nini anashika, mkono mmoja husaidia mwenzake.

Kijana na ajiulize jioni, akiisha kuosha miguu: Kama mpira ungeondolewa leo, je, kesho ningefungua kitabu? Jibu lake litamfundisha mengi.