Kibla na Mteremko wa Mstari

Watu wengi, wanapomsifu mja kwa unyofu wa mwenendo wake, hudhani wamekwisha kunena jambo lililo wazi. Lakini ukiwauliza unyofu ni nini, hujibu, kwa ulimi au kwa vitendo, kwamba mnyofu ni yule aendaye kama waendavyo wao, na kwamba kila ainamaye kwa kadiri nyingine amekwisha kupotoka. Nimeona vema dai hilo lipelekwe mbele ya kadhi asiyepokea hongo, naye ni elimu ya handasa.

René Descartes, Mfaransa aliyechapisha kitabu chake cha jiometri mwaka 1637, alionyesha jinsi mstari uwezavyo kuelezwa kwa mlinganyo wa hesabu. Mteremko wa mstari hupatikana kwa nukta mbili: tofauti ya vimo vyake hugawanywa kwa tofauti ya upana wake, na namba itokayo ni tabia ya mstari mzima, haigeuki mwanzo wala mwisho. (Atangulizaye nukta moja juu na nyingine chini hupata ishara iliyopinduka, kosa ambalo limewamalizia walimu wino mwekundu mwingi.)

Basi twaa ramani. Makka iko longitudo 39.83 mashariki na latitudo 21.42 kaskazini. Mji wa Unguja uko 39.19 mashariki, na kwa kuwa uko kusini ya ikweta, latitudo yake ni hasi 6.16. Toa, kisha gawanya: 27.58 kwa 0.64, na mteremko wa kibla ya Unguja ni kama 43. Lamu iko 40.90 mashariki, na latitudo yake ni hasi 2.27, na hesabu hiyo hiyo huleta hasi 22. Najua mwanafalaki atanikemea kwamba dunia ni tufe na ramani ni bapa, na kwamba mwanachuoni al-Biruni, alipoitafuta kibla ya Ghazna katika karne ya 11, hakuridhika na hesabu nyepesi namna hii; lakini pwani yetu na Makka zimekaribia kuwa katika longitudo moja, hata tofauti ikawa haba.

Tazama sasa ajabu yake. Waumini wawili, ambao kila mmoja huomba katika rakaa 17 za faradhi kila siku aongozwe njia iliyonyoka, wamesimama juu ya mistari ambayo hata ishara zake zinapingana, mmoja chanya na mwingine hasi. Na hakimu apimaye watu kwa mteremko peke yake hana budi kumhukumu mmojawapo kuwa ni mpotevu. Laiti Mlamu, kwa mapenzi yake kwa nduguye wa Unguja, angeliuazima ule mteremko wa 43, mistari yao ingelikuwa sambamba, wangelikwenda bega kwa bega kama watu wa nia moja, na Mlamu angelipita mashariki ya Taif, mbali na Makka kwa zaidi ya kilomita 150. Mistari sambamba, licha ya kufanana kwake kote, haikutani kamwe.

Kwa hiyo kadhi wetu amekwisha kutoa hukumu, nayo imo katika mlinganyo: y kutoa 21.42 ni sawa na m mara (x kutoa 39.83), ambapo x ni longitudo, y ni latitudo, na m ni mteremko. Namba mbili za Makka hazibadiliki kwa yeyote. M huachiwa kila mtu kwa kadiri ya mahali aliposimama. Unyofu, nionavyo mimi, ni kuilinda ile nukta, wala si kuiga m ya jirani.

Amebaki mkazi wa karibu na Kilifi, pale pwani inapoikata longitudo ya Makka. Yeye akitaka kugawanya hukuta sifuri chini, na sifuri haigawanyi kitu. Mstari wake hauna mteremko wa kutajwa kabisa, na mlinganyo wake ni x sawa na 39.83 tu. Nao unapita Makka.