Vipandio Vitatu vya Mlangoni



Nakuuliza swali moja, nawe ulifikirie kabla hujanijibu. Mzee akinyanyuliwa na vijana wanne, yeye na kiti chake, akaingizwa msikitini, je, huo ni wema? Bila shaka utasema ndiyo, na vijana wale wana thawabu zao. Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo, kwani mmoja wa vijana hao nilikuwa mimi, na mzee mwenyewe ni babu yangu.

Msikiti wetu una vipandio vitatu mlangoni. Babu alipopatwa na kiharusi akawa mtu wa kiti cha magurudumu, tukawa twampandisha kila Ijumaa. Ulipofika mwezi wa tatu akasema hendi tena. Tulidhani ni uzito wa maradhi. Siku moja akanambia, "Mjukuu wangu, mimi sikuchoka kusali. Nimechoka kusema ahsanta."

Neno hilo limenikaa rohoni. Mwenye miguu huingia nyumba ya Mwenyezi Mungu bila ya deni la mtu. Babu huingia kwa hisani, na hata kutoka hutoka kwa hisani. Na kilichomfanya mhitaji si kiharusi peke yake. Ni vile vipandio, na sisi tuliomwambia fundi avijenge.

Sasa tazama dini yetu ilivyopima. Asiyeweza kusimama husali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa husali kwa ubavu. Muadh bin Jabal alipowasalisha watu Isha akasoma Suratul Baqara, mpaka mtu mmoja akajitenga akasali peke yake, Mtume (S.A.W.) alimkemea Muadh, akaamrisha maimamu wasirefushe, kwani nyuma yao wamo wadhaifu, wazee na wenye haja zao. Zingatia, msomaji: hakuamrisha wadhaifu wafanyiwe jamaa yao kando. Sala ni moja, imepimwa kwa aliye dhaifu, na mwenye nguvu hakupungukiwa na kitu. Uzito ulioondolewa ndani ya Sala sisi tumeurudisha mlangoni kwa mawe na saruji.

Na Abdullah bin Ummi Maktum, aliyekuwa haoni, alipoomba ruhusa ya kusali nyumbani kwa kukosa wa kumwongoza, aliulizwa kama asikia adhana. Aliposema ndiyo, akaambiwa aitikie. Wako watakaosema: basi na babu yako avumilie! Wanavyuoni wana maneno yao katika hukumu hiyo, nami si mwanachuoni. Lakini naona yatubana sisi zaidi. Ukimwita mtu, mfanyie njia.

Mimi ni mwanafunzi wa ujenzi. Darasani tulisomeshwa habari za Ronald Mace (1941-1998), Mmarekani mchoraji wa majengo aliyepatwa na polio utotoni akawa hutumia kiti cha magurudumu. Yeye alitaka jengo lifikiriwe tangu mwanzo kwa watu wote, si kumtoboleza mlemavu mlango wake wa nyuma. Nikayaandika daftarini kama elimu ngeni, na kisa cha Muadh nilikisikia chuoni nikiwa na miaka tisa!

Nilipowaeleza wazee wa msikiti, mmoja alinijibu kwa upole kwamba hapa hasali kiwete hata mmoja. Ni kweli. Atapandaje?

Uzito upo, sitauficha. Mteremko wa kiti wataka futi 1 ya urefu kwa kila inchi 1 ya kupanda. Vipandio vyetu ni inchi 18, basi ni futi 18, na mlango watazama kichochoro kisichofika futi 7. Mji wa kale haubomolewi. Lakini misikiti mipya yajengwa penye viwanja vipana, na bado twainyanyua juu kama ngome. Wala mteremko si wa babu peke yake. Yuko mwenye goti bovu, wako watoto wa chuo, na wako wachukuao jeneza, ambao nimewaona kwa macho yangu wakiyumba kwenye kipandio cha pili.

Ijumaa iliyopita nilibaki nyuma na utepe wa kupimia. Mlango wa upande wa birika una inchi 11 tu, na kutoka kizingitini hadi kwenye kisima cha zamani ni futi 14. Babu sijamwambia bado.