Mizani ya Dukani na Ujumbe wa Simu



Makambako ni njia panda. Barabara za Iringa, Mbeya na Songea zinakutana hapa, na reli ya TAZARA inapita. Kwa hiyo wenye maduka wa Lyamkena huwauzia kila siku watu ambao huenda wasiwaone tena. Zamani mgeni alitoa noti, ikashikwa mkononi. Lakini tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, malipo mengi hufika dukani kama maneno tu kwenye kioo cha simu, na maneno huweza kutungwa.

Katika duka moja la vifaa vya ujenzi, ujumbe uliingia kwenye simu ya duka ukisema fedha zimepokelewa. Binti aliyeajiriwa kuuza aliusoma, akatoa mifuko kumi ya saruji. Jioni mwenye duka alipotazama salio hakukuta kitu. Ujumbe ule ulitoka kwenye namba ya mtu binafsi, umeandikwa kwa kuiga ule wa kampuni. Akaamua kumkata binti mshahara mpaka hasara irudi. Baada ya ibada watu waliulizana maswali mawili. Je, hiyo ni haki? Na je, tukianza kumkagua kila mnunuzi, upendo wa Kikristo uko wapi?

Naanza na la pili. Sukari hupimwa kwenye mizani mbele ya kila mtu, awe mgeni au mzee wa kanisa, wala hakuna anayelalamika kwamba ametukanwa. Torati ya Musa iliamuru vipimo vya haki, na hata leo Serikali hukagua mizani za madukani. Basi, kutazama salio kabla ya kutoa bidhaa ni mizani ya siku hizi. Humlinda muuzaji, na humlinda pia mnunuzi mwaminifu asije akashukiwa bure. Bwana wetu aliwataka wanafunzi wake wawe na busara pamoja na upole. Hakuwaambia wachague kimojawapo.

Dhambi huingia tunapowapima baadhi tu. Ukimkagua kijana mwenye viatu vilivyochakaa, ukamwacha bwana mwenye gari aende zake, huo ni upendeleo ambao Yakobo aliukemea katika waraka wake. Tena tapeli hajui kuvaa vibaya.

Sasa lile la kwanza. Salio halitazamwi bila namba ya siri, na mwenye duka hakumpa binti namba hiyo, kwa kuwa laini ilikuwa na akiba yake yote. Kuificha hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba hakumwamini mfanyakazi wake, kisha akamtaka aamini ujumbe wa mtu asiyemjua. Sisi walimu tunajua kwamba asiyefundisha somo hana haki ya kumchapa mwanafunzi aliyeshindwa mtihani. Kwa maoni yangu hasara hiyo ni ya mwenye duka, na mshahara wa binti arudishiwe.

Njia ilikuwepo. Duka liwe na laini yake pekee, mbali na akiba ya mwenyewe, ambayo muuzaji anaweza kutazama salio lake. Isipowezekana, mwenye duka apigiwe simu, naye atazame kabla mzigo haujatoka. Namba ya siri asiambiwe mtu yeyote anayepiga simu, hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni.

Mwisho, anayeibiwa asinyamaze kwa aibu. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na polisi wapo. Namba ya tapeli hupelekwa kwa ujumbe kwenda 15040. Anayeficha humwachia jirani yake shimo lile lile likiwa wazi, na kumpenda jirani ni pamoja na kumwonyesha shimo lilipo.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu.