Sifa Tupu Si Wema

Siku moja kijana mmoja alituletea picha. Aliipiga kwa kamera ya kuazima, nyuma ya nyumba ya wazazi wake, naye hakuwa na mwalimu. Ilikuwa picha ya chozi akiwalisha makinda wake mlangoni mwa kiota, manyoya yaking'aa juani. Tukaitazama kidogo, tukasema, "Nzuri sana, endelea hivyo hivyo." Akaenda zake amefurahi.

Baada ya wiki mbili akarudi na picha saba, zote za viota. Ndipo tulipokiri jambo ambalo macho yetu yaliliona tangu mwanzo na kinywa chetu kikalinyamazia: pembeni mwa kila picha vilionekana vijiti vyeupe vilivyokatwa kwa kisu. Kijana alikuwa akiyaondoa majani yaliyofunika kiota ili apate mwanga. Tulipomwuliza habari za makinda wa kwanza, alijibu kwamba kunguru waliwachukua kesho yake. Kisha akauliza kwa adabu, "Padre, mbona siku ile hamkuniambia?"

Swali hilo latufaa sote. Je, tuna wajibu wa kusema kweli juu ya kazi ambayo mtu aifanya kwa kujifurahisha tu, bila mshahara? Wako wasemao hapana. Huyu, wasema, si fundi; mwacheni na furaha yake. Neno hilo lina sura ya upole, lakini ndani yake mna uvivu. Kwa kweli twajipendeza wenyewe, tusije tukachukiwa. Wazee walisema, "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji." Lakini mara nyingi mgema hana hila yo yote, hulitia maji kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba limepungua ladha.

Hata hivyo, tusikimbilie upande wa pili. Wako wajionao wakweli kwa kuwa ni wakali. Huitupia picha jicho moja, wakasema, "Hii haifai." Neno kama hilo halimfundishi mtu kitu, maana halikutaja kosa wala dawa yake. Mwenye picha hujifunza jambo moja tu, kutomwonyesha mtu kazi yake tena.

Basi njia iliyo sawa ni ipi? Kwanza, kutazama kwa muda kabla ya kusema. Pili, kumwuliza mwenyewe alitaka kuonyesha nini, maana huwezi kujua kama mtu amepotea njia usipojua aendako. Tatu, kutaja jambo lenyewe waziwazi, zuri na baya. "Ziwa limelala upande, inyoshe kamera." "Ndege huyu arukaye ametoka kama ukungu, kwa kuwa kamera ilifumbua jicho lake kwa 1/60 ya sekunde, jaribu 1/1000." "Ulipiga saa sita mchana, na vivuli ni vizito. Rudi alfajiri, tena piga goti, uwe sawa na macho ya mnyama." Maneno hayo hayamdharau mtu. Yampa kazi ya kufanya kesho.

Yafaa pia kutenganisha mambo matatu: mapenzi yetu, kosa la mkono, na kosa la tendo. Mimi napenda picha yenye nafasi tupu, wewe waipenda iliyojaa. Hapo hakuna aliyekosa. Picha iliyotikisika ni kosa la mkono, nalo husahihishwa kwa mazoezi. Lakini kukata matawi ya kiota, au kumfukuza mnyama ili apigwe picha akikimbia, ni kosa la tendo, na uzuri wa picha hauliondoi. Anayesifu picha ya namna hiyo na kunyamaza ameshika kisu pamoja na mkataji.

Ukweli nao una haki yake. Mwaka 2018 Jumba la Makumbusho ya Viumbe la London liliondoa katika mashindano yake picha iliyokuwa imeshinda katika kundi lake mwaka 2017. Ilionyesha mnyama mla-mchwa usiku, kando ya kichuguu kilichong'aa, huko Brazil. Wataalamu waliichunguza, wakaona mnyama yule afanana mno na mwingine aliyekaushwa na kuwekwa mahali pa kupokelea wageni wa mbuga ile. Mpiga picha alikana. Lakini waamuzi waliona kwamba picha ya viumbe hai yaahidi jambo moja kwa mtazamaji: kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Na yule apokeaye maonyo? Naye ana sehemu yake. Asikilize mpaka mwisho kabla ya kujitetea. Akumbuke kwamba iliyoonywa ni picha, si nafsi yake. Halafu apime; si lazima ashike kila neno, kwani wako wasemao bila kujua. Lakini ikiwa watu watatu wasiojuana wameonyesha kidole mahali pamoja, na apatazame mahali hapo.

Enyi wazazi, siku hizi watoto wenu huwaletea picha katika simu, za vipepeo, za mbuzi, za mawingu. Msiseme "nzuri" huku macho yenu yako kwingine. Ulizeni, "Ulisimama wapi? Ulingoja muda gani?"

Kijana wetu sasa hupiga picha akiwa mbali, amejificha nyuma ya dirisha, na majani huyaacha mahali pake. Picha yake ya mwisho ilikuwa na giza kidogo, na jani moja lilimfunika chozi bawa. Tulimwambia hivyo. Tulimwambia pia kwamba ni bora kuliko zile saba, na safari hii tulikuwa tumeitazama kweli.