SHAMBA LA SIKU MBAYA

Masomo: Yeremia 32:6-15, 1 Wafalme 17:1-16, Nehemia 5:1-13

 

Mwezi huu tumeombwa tuseme neno juu ya swali linalozunguka katika vikundi vya maombi na hata kwenye foleni ya maji. Je, mtu wa imani anaruhusiwa kutengeneza mahali pa kukimbilia kabla taabu haijafika? Wengine kati yetu wanasema kuweka akiba ni kukosa imani, kwa maana Bwana alitufundisha kuomba chakula cha leo. Wengine wameshaanza: wamekodi kipande cha shamba kwa wenyeji, mbali na barabara, wamejenga kibanda, wameficha mahindi, na hawamwambii mtu. Sisi tunaowaandikia tunawajua watu wa pande zote mbili, na tunakiri kwamba sisi wenyewe tumewahi kusimama huku na kule.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Aprili 2020 mgao wa chakula ulipunguzwa kwa asilimia 30, na Februari 2021 punguzo likafika asilimia 40. Mwaka 2023 tuligawanywa katika makundi matatu, na kundi la tatu likaondolewa kabisa. Mwaka 2025 PAM ilitangaza kwamba kwa kukosa fedha inawaondoa karibu watu milioni moja hapa Uganda. Kila nyumba inayosoma karatasi hii inajua siku jina lake liliposomwa au lilipokosa kusomwa. Basi mtu akisema anataka mahali pa kukimbilia, tusimcheke.

Lakini tukumbuke pia tulikotoka. Vita vya Ituri vilipoanza mwaka 1999 wengi wetu tulikuwa na nyumba mbili: ile ya kijijini, na kibanda cha majani porini. Huko tuliweka sufuria, chumvi, jembe moja na gunia. Familia moja kati yetu ilifanya hivyo tena mapigano yaliporudi kule Djugu mwishoni mwa mwaka 2017. Walizika gunia la mahindi na debe la maharage, na hawakumwambia hata shemeji yao aliyekaa nyumba ya pili, wakihofu kwamba siku ya njaa atakuja na watoto sita. Siku ilipofika, moto ulitokea upande ule ule wa kibanda. Wakakimbia upande mwingine, kwenye ziwa, bila hata kandambili. Shemeji na watoto wake walikuwa katika mtumbwi huo huo. Mahindi walioficha hawakuyaonja, na mpaka leo hawajui nani aliyafukua. Chakula cha kwanza walichokula upande huu wa Ziwa Albert, Februari 2018, wakati kipindupindu kilikuwa kimetushika, ni uji waliopewa na mke wa mvuvi asiyejua lugha yao. Baba wa familia ile ametupa ruhusa tuandike haya. Anasema kinachomuuma si gunia. Kinachomuuma ni jinsi alivyoketi ndani ya mtumbwi akashindwa kumtazama shemeji yake usoni.

Sasa tumtazame Eliya. Mungu mwenyewe ndiye aliyemwambia akajifiche karibu na kijito cha Kerithi. Kwa hiyo kujificha si dhambi, na tusimhukumu ndugu anayefikiri juu ya watoto wake. Lakini soma mbele kidogo. Baada ya siku kadha kijito kilikauka, kwa sababu mvua haikunyesha katika nchi. Maficho ya nabii yalikauka kwa ukame ule ule uliokausha mashamba ya watu wote! Mungu hakumwonyesha kijito kingine porini. Alimtuma Sarepta, nchi ya kigeni, kwa mama mjane mwenye konzi ya unga na mafuta kidogo. Nabii akawa mkimbizi mezani pa maskini. Tunadhani wengi wetu tunaielewa hadithi hii kuliko walimu waliotufundisha shule ya Jumapili.

Halafu Yeremia. Jeshi la Babeli limezunguka Yerusalemu, nabii amefungwa katika uwanja wa walinzi, na ndugu yake Hanameli anakuja kumwambia anunue shamba la Anathothi. Nani ananunua shamba wakati adui yuko mlangoni? Yeremia akapima shekeli 17 za fedha, akaandika hati mbele ya mashahidi, akaamuru hati ile itiwe katika chombo cha udongo ipate kudumu siku nyingi. Hakununua ili ajifiche huko, kwa kuwa hakuweza hata kutoka gerezani. Alinunua kwa sababu Mungu alisema nyumba na mashamba yatakuwapo tena. Tazameni, alifanya wazi, mbele ya watu. Shamba la Yeremia lilikuwa na mashahidi, na shamba la siku mbaya linalofaa kati yetu ni kama hilo: watu wanalijua.

Hapa kuna jambo gumu, na tuliseme. Shamba tulilopimiwa na serikali si letu kuuza. Wa zamani walipata mita 50 kwa 100, waliokuja nyuma wengi walipata mita 30 kwa 30, na sheria ya Uganda inasema ni la kutumia, halikodishwi wala haliuzwi. Lakini mwaka huu tumeona baba akiliacha shamba lake kwa mtu mwingine kwa bei ya mbuzi mmoja, kwa sababu ya njaa ya wiki mbili. Wababa, tunawasihi, njoo kwa wazee kabla hujafanya hivyo. Njoo hata usiku.

Mita 30 kwa 30 ni chini ya robo ya eka. Hailishi nyumba ya watu nane mwaka mzima, na tusidanganyane kwa mahubiri matamu. Lakini inaweza kuwavusha watu kutoka mvua moja hadi nyingine. Wamama wa kikundi cha shamba wametufundisha mengi kuliko tulivyojua. Wanasema ghala la kwanza la mkimbizi ni muhogo, kwa kuwa unakaa ardhini mwaka na zaidi ukikungoja. Mwizi lazima atoe jasho kuuchimba, na moto ukipita juu mizizi inabaki. Miti ya kupanda ikatwe kwenye mashina yaliyokomaa, kipande cha urefu wa shubiri moja hivi. Isitoke kwenye shina lenye majani yaliyojikunja na mabaka ya manjano, maana ugonjwa huo unasafiri na mti wa mbegu. Muhogo mchungu, wanyama hawaupendi, na hiyo ni faida, lakini usiupikie watoto kwa haraka. Uloweke siku tatu au nne, uanike ukauke vizuri, ndipo usage. Wakati wa njaa ndipo watu hufupisha siku hizo, na ndipo sumu yake hudhuru. Kando ya muhogo pandeni viazi vitamu, maboga na lenga-lenga karibu na mlango, ambapo maji ya kuoshea vyombo yanamwagika.

Mahindi nayo yanataka uaminifu. Msimu uliopita gunia tatu za kanisa ziliota ukungu, na kosa lilikuwa letu wazee: tuliyaweka ndani kabla hayajakauka kwa sababu tulitaka kusafiri kwenda mkutano. Mahindi ya ukungu yana sumu inayodhuru ini, hata ukiyapika, na hata kuku wasipewe. Tulizimwaga zote tatu, na watu wakatuangalia tukizimwaga. Sasa tunapima hivi: chupa kavu ya kioo, chumvi kavu kiganja kimoja, mahindi kiasi cha robo ya chupa, unatikisa dakika chache, unaacha yatulie robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Yakishakauka, jaza jerikeni safi mpaka shingoni pasibaki nafasi, funga kwa nguvu, usifungue kwa wiki kadhaa. Wadudu waliomo watakosa hewa na kufa. Jerikeni iliyokuwa na dawa ya shamba au petroli isitumike kamwe. Maharage ya mbegu wamama wanayachanganya na majivu yaliyochekechwa. Na mbegu ziwekwe kando, chombo chake peke yake, na watoto waambiwe kwamba chombo kile si chakula.

Tukifika kwa Nehemia, tunaandika kwa aibu.

Katika siku zake njaa ilikuja, na watu wakaweka rehani mashamba na nyumba zao wapate nafaka. Waliowakopesha hawakuwa Wababeli. Walikuwa ndugu zao. Hapa kwetu, tangu majina yalipoondolewa, kuna mkopo unaitwa moja kwa mawili: unachukua beseni moja la mahindi Aprili, wakati wa kupalilia, unarudisha mawili baada ya mavuno. Mama mmoja mjane alichukua mabeseni matatu. Alipovuna alirudisha sita, akabaki na mawili, na Oktoba akakopa tena. Alikuja kwetu kuomba maombi, tukamwombea avunje roho ya umaskini. Alipoinuka kutoka magotini alisema kwa upole kwamba aliyemkopesha ni mmoja wetu tuliomwekea mikono.

Ni kweli. Wawili kati yetu tunaoandika barua hii tulikuwa na mahindi, kwa sababu tuliweka akiba, na tulikopesha moja kwa mawili. Hatukuona kosa. Tulisema ni busara ya Yusufu, aliyeamuru sehemu ya tano iwekwe wakati wa shibe. Lakini someni pia Mwanzo 47: ghala lile lile liliishia kuchukua fedha za watu, kisha mifugo yao, kisha mashamba yao, kisha watu wenyewe wakawa watumwa wa Farao. Sisi tulipenda kuhubiri sura ya 41 na kuishia hapo.

Nehemia alipokasirika hakusema, acheni ninyi. Alisema na yeye na ndugu zake wamekopesha fedha na nafaka, basi tuiache riba hii. Alijiweka ndani. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza ya mwezi uliopita wale wawili walisimama mbele ya kanisa, wakarudisha mabeseni matatu kwa mama yule, wakaomba msamaha. Alipokea mahindi. Juu ya msamaha alisema atatupa jibu, na hajatupa. Tunangoja, na tunawaomba mtu yeyote asimsukume.

Baada ya hapo kamati iliketi mara mbili. Wengi walitaka mavuno ya shamba la kanisa yauzwe tununue mabati ya upande wa kulia, ambao unavuja. Ubishi ulikuwa mkali, na mzee mmoja alitoka nje. Mwishowe tumepatana hivi. Mavuno hayatauzwa. Yatakaa katika jerikeni kwenye chumba cha nyuma, funguo tatu kwa watu watatu, wawili wao wamama wasio wa nyumba za wazee. Mwenye shida atakopa beseni moja na kurudisha beseni moja. Mgeni aliyefika juzi kutoka ng'ambo, ambaye bado hajapimiwa shamba, hatarudisha kitu. Mistari minne ya mwisho upande wa barabara haitavunwa na kanisa, kama ilivyoagizwa katika Walawi 19:9-10, na yeyote apite achukue, awe wa kwetu au wa wenyeji, wala asiulizwe dhehebu.

Jumamosi ya pili, saa 1 asubuhi, tunagawa miti ya muhogo shambani pa kanisa, miti kumi na tano kwa kila nyumba. Njooni na panga na kamba ya kufungia. Wenye mashamba ya siri huko mbali nao waje. Hatutawauliza yako wapi. Ila tunawaomba kila mmoja amwambie angalau jirani mmoja. Na Jumapili mvua ikinyesha, tafadhali tubanane upande wa kushoto.

Neema ya Bwana iwe nanyi.

Wazee wa kanisa, kwa niaba ya kamati ya shamba