Vyombo vya Elimu ya Ardhi

Kamati ya idara ya elimu ya ardhi, inapokaa kupanga vyombo vya miaka ijayo, hudhani kuwa kazi yake ni hesabu. Fedha ni kiasi fulani, bei zinajulikana, basi kilichosalia ni kujumlisha na kutoa. Dhana hiyo haitoshi. Fedha isiyofikia mahitaji yote humlazimu mwenye kuigawa aamue nani atapata na nani atakosa, na uamuzi wa namna hiyo ni jambo la haki kabla ya kuwa jambo la hesabu.

Aghalabu shauri huja kwa sura hii. Upande mmoja wa meza wapo watakao mashine moja kubwa ya kupimia umri wa miamba. Upande wa pili wapo watakao vitu vidogo vingi: nyundo, dira zenye kipimo cha mwinamo wa tabaka, lenzi za mkono zikuzazo mara kumi, vichupa vya tindikali hafifu ambayo ikidondoshwa juu ya jiwe la chokaa hutoa povu, mahema, na gari la kuwafikisha wanafunzi mlimani. Watu wa mashine huambiwa wanapenda fahari. Watu wa nyundo huambiwa wamebaki katika zama za babu zao. Maneno hayo yote ni kejeli, wala hayamsaidii mtu kuona kweli.

Na itazamwe habari ya Oldupai. Tarehe 17 Julai 1959 Louis Leakey alikuwa amelala kambini kwa homa. Mkewe Mary alitoka bila yeye, akaona kipande cha mfupa kimechomoza katika mteremko. Kikawa fuvu lililovuma duniani kwa jina la Zinjanthropus. Hapana mashine iliyoliona. Liliona jicho lililoanza kuuzoea udongo ule tangu mwaka 1935. Lakini umri wa fuvu ulikuwa shauri lingine. Leakey alikisia miaka 600,000 hivi. Mwaka 1961 ulitangazwa umri mwingine, uliopatikana na Evernden na Curtis wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, ambao walipima miamba ya volkeno ya tabaka lile. Potasiamu ya namna moja hugeuka gesi ya agoni kwa mwendo usiobadilika, na gesi hiyo hunaswa ndani ya fuwele tangu mwamba ulipopoa. Ikipimwa, umri hujulikana. Jibu lilikuwa miaka 1,750,000 hivi. Mjuzi mkubwa wa mahali pale alikuwa amepungukiwa karibu mara tatu.

Msomaji wa haraka atasema kuwa vyombo vyote viwili vyahitajika, na shauri limekwisha. Halijakwisha. Mashine hupewa jiwe, haiendi kulitafuta. Likiletwa jiwe ambalo aliyeliokota hakuandika limetoka tabaka gani, mashine itatoa umri sahihi wa kitu kisicho na maana. Hata hivyo watu wa mashine wanayo hoja moja nzito, nayo si ya fahari. Jiwe la Oldupai lilivuka bahari, na umri wake ukarudi kutoka ng'ambo. Kweli haina nchi, ni sawa; lakini mwanafunzi ambaye siku zote hungoja jibu lije kwa posta hujifunza kungoja. Hujifunza pia kutouliza jibu lilipatikanaje.

Upande wa pili nao una shahidi wake, yaani mlima Ol Doinyo Lengai. Mwaka 1960 J. B. Dawson alifika kwenye shimo la mlima huo akatambua kuwa lava yake si ya kawaida. Joto lake ni kiasi cha nyuzi 500 hadi 600 tu, karibu nusu ya lava nyingine nyingi, na imejaa kaboneti ya sodiamu. Hutoka nyeusi, ikitiririka kwa wepesi. Kisha unyevu wa hewa huigeuza nyeupe kwa muda mfupi. Jiwe lifikalo chuoni si lile lililotoka mlimani. Hakuna mashine ya mjini iwezayo kumwonyesha mwanafunzi kile ambacho miguu yake haikumpeleka kukiona.

Hapo ndipo dhuluma hujificha. Chuo kikiisha kununua mashine, safari huachiwa mfuko wa mwanafunzi mwenyewe. Mwenye mzazi wa kumlipia atapanda mlima. Mtoto wa maskini atasoma miamba katika picha, na wote wawili watapewa shahada moja. Kwa sababu hiyo fungu la kwanza ni la dira, lenzi na safari ya kila mwanafunzi, bila kumbagua mmoja. Simu za leo zinazopokea ishara za setilaiti na kupima mwinamo hazina ubaya, maadamu mwanafunzi ajua kazi hiyo betri inapokwisha. Na ajue kuwa dira nayo hudanganywa, hata na nyundo ya chuma aliyoishika mwenyewe.

Mashine na ije baadaye, ya vyuo kadhaa kwa pamoja, na mwanafunzi aende na jiwe lake alipime kwa mkono wake. Lakini mashine ina njaa. Yataka umeme usioyumba, gesi safi, chumba cha baridi, vipuri, na fundi anayelipwa vizuri kiasi cha kutohama. Mwenye kutia sahihi ya kuinunua amewaahidi chakula hicho wanafunzi ambao bado wako shule ya msingi. Hata mashine ya kupewa bure huja na ahadi hiyo hiyo, tena kuikataa ni kugumu zaidi, kwa kuwa mtoaji amesimama mbele akitabasamu na mpiga picha yuko karibu.

Makisio mengi hutaja bei ya mashine hadi senti ya mwisho, kisha hayataji mshahara wa fundi wala mafuta ya gari. Makisio ya namna hiyo na yarudishwe mezani yaandikwe upya, na safari hii dereva na fundi waitwe kikaoni.