Kununua Nyumba Katika Mji wa Watu

Limeletwa mbele ya darasa letu swali ambalo halimhusu muulizaji peke yake. Mtu wa Mombasa, ambaye kazi yake ni uwakala wa forodha, ameishi miaka mingi mpakani mwa Kenya na Uganda kwa kukodi. Sasa Mwenyezi Mungu amemjaalia akiba, ataka kununua nyumba ahamishe mkewe na watoto wake. Auliza: anunue Busia au anunue Malaba? Ni upi katika miji miwili hii wenye kheri zaidi kwa Muislamu?

Wengi wakiulizwa swali kama hili hujibu kwa bei ya kiwanja na kwa faida itarajiwayo. Hayo hatuyadharau, kwani kuihifadhi mali ni katika makusudio ya sharia. Miji yote miwili imo katika kaunti moja, na riziki yake yajulikana. Bidhaa zishukazo katika bandari yetu husafiri kwa njia ya nchi kavu zaidi ya kilomita 900 hata zifike hapo, kisha huvuka kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo. Malaba yapitiwa na reli ya zamani, ile iliyofika Kampala mwaka 1931. Busia imekuwa makao ya serikali ya kaunti tangu 2013, na pana ofisi, mahakama na masoko. Hata neno boda boda, ambalo leo kila mtoto wa pwani alitamka, lilizaliwa mpakani huko, kwa baiskeli zilizokuwa zikivusha watu kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili. Wala sisi si wageni wa jana upande huo. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika Mumias katika karne ya 19, na kwa sababu yao Uislamu ukamea katika nchi hiyo.

Kwa hiyo faida ipo. Lakini dalali hakosi kuitia chumvi. Atakutajia reli mpya, iliyofika Nairobi 2017 na upande wa Naivasha 2019, na atakuuzia kiwanja kana kwamba treni imekwisha simama mlangoni. Mwenye kutafuta nyumba ya kukaa na anunue nyumba, asinunue khabari.

Ama jambo ambalo twataka ndugu zetu walizingatie ni jingine. Nyumba si bidhaa kama bidhaa nyingine. Mtu akinunua gunia la mchele, hulibeba akaenda zake, na muamala wake na muuzaji umekwisha. Lakini akinunua nyumba, hapo ndipo muamala wake unapoanza, kwani ameingia katika haki za watu ambao hakuwachagua na wao hawakumchagua. Katika Suratun-Nisaa, Mwenyezi Mungu baada ya kuamrisha ibada yake na wema kwa wazazi, ameamrisha wema kwa jirani wa karibu na jirani wa mbali. Na Mtume (S.A.W.) ametueleza kwamba Jibrili alimuusia juu ya jirani mpaka akadhani kuwa atamfanya mrithi. Wala haki hii haikuwekwa kwa jirani Muislamu peke yake. Abdullahi bin Amri, sahaba wa Mtume, alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, jambo la kwanza aliloliuliza ni kama jirani yake Myahudi amepelekewa nyama. Yatupasa tulikumbuke hili, kwa kuwa anayehamia Busia au Malaba, jirani zake wengi watakuwa Wateso na Waluhya wasiokuwa Waislamu.

Na haki ya kwanza ya watu hao haianzi siku ya kuhamia. Yaanza siku ya kununua.

Ardhi nyingi pembezoni mwa miji hii ni ardhi ya jamaa. Baba alikufa na jina lake lingali kwenye hati. Ameacha mjane, wana na mabinti. Kisha mmoja wao, mwenye shida au mwenye tamaa, amfuata mgeni mwenye fedha na kumwambia: nunua. Sheria ya Kenya yenyewe haikuliacha jambo hili wazi. Yakataza mali ya marehemu kuuzwa kabla mirathi haijapitishwa mahakamani. Sheria ya mwaka 1967 yataka idhini ya bodi ya ardhi katika kuuza ardhi ya kilimo, na mapatano yasiyopata idhini hayana nguvu. Na sheria ya mali ya ndoa ya 2013 yamkataza mume au mke kuuza mali ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Walakini sote twajua kwamba karatasi hupatikana. Mjane haitwi, ndugu wa mbali hawaambiwi, na mwisho wake mnunuzi ashika hati mkononi.

Swali ni hili: hati hiyo yamhalalishia? Jibu letu ni kwamba haimhalalishii, ikiwa ajua au alikuwa na njia ya kujua akafumba macho. Mtume (S.A.W.) amesema kwamba yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na kwamba yeyote aliyehukumiwa kupata haki ya nduguye kwa ufasaha wa maneno yake, basi amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haigeuzi haramu kuwa halali, muhuri wa ofisi ya ardhi utaigeuza vipi? Na amemuonya anayechukua shibiri moja ya ardhi kwa dhulma kwamba atavikwa shingoni mfano wake kutoka ardhi saba.

Sisi watu wa pwani ndio tuliostahiki kulijua hili kuliko wengine. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa mwambao wathibitishe milki zao kwa maandishi. Wengi waliozaliwa juu ya ardhi, wakapanda minazi na kuzika wazee wao hapo, hawakuwa na karatasi, na wajukuu wao mpaka leo huitwa maskwota. Kilio hicho twakisikia barazani na misikitini, nacho ni kilio cha haki. Basi mtu wetu huyu aliyelia Kwale na Kilifi, akifika Malaba na fedha mkononi, akaambiwa kwamba yupo mjane asiyeridhia, atajibu nini? Akijibu, "Mimi nina hati," amesema neno lilelile ambalo yeye mwenyewe aliambiwa. Qur'ani imewaahidi maangamivu wale ambao wakipimiwa hutaka kitimizwe, na wakiwapimia wengine hupunja. Tusidhani kwamba vipimo ni vya pishi na mizani tu.

Huenda mtu akasema: "Muuzaji amenijia mwenyewe, na nisiponunua mimi atanunua mwingine. Nami nitapekua nasaba za watu mpaka kwa Adamu?" Twamjibu kwamba Mwenyezi Mungu hakumkalifisha mtu ila awezalo. Aliyeuliza kwa wanaojua, akatazama daftari la ardhi na asione ila, kisha likadhihiri lililokuwa limefichwa, huyo hana dhambi ya lile asilolijua. Lakini bei iliyo nusu ya bei ya jirani zake ni shahidi anayesema kwa sauti, na muuzaji anayetaka mambo yaishe usiku ni shahidi wa pili. Ama kusema kwamba mwingine atanunua, hiyo ni hoja ya kila mnunuzi wa mali ya wizi.

Tumtazame Mtume (S.A.W.) alipofika Madina, naye ni mhamiaji katika mji wa watu. Uwanja uliojengwa msikiti wake ulikuwa wa mayatima wawili. Walitaka kumpa bure, naye akakataa mpaka aulipie. Hakusema kwamba ni kwa ajili ya dini, wala kwamba wao wenyewe wameridhia. Na Abu Rafii, alipouza vyumba vyake viwili, alikuwa amekwisha pewa dinari 500 taslimu. Akamuuzia jirani yake Saad bin Abi Waqqas kwa dirhamu 4,000 za mafungu, ambazo ni pungufu, kwa sababu alimsikia Mtume akisema kwamba jirani ana haki zaidi. Ni kweli kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii haki ya shufaa ni ya mshirika tu, na Hanafi ndio waliompa jirani pia. Lakini kumuuliza jirani kabla ya kununua hakukatazwi na madhehebu yoyote, nako huzuia uadui wa miaka. Tena kisa hiki chatufundisha kwamba mafungu bila ya riba ni dasturi ya masahaba. Asiye na fedha zote na apatane hivyo na muuzaji, kabla hajaikimbilia riba na kuweka msingi wa nyumba yake juu ya vita na Mwenyezi Mungu.

Basi muulizaji wetu na akae na jamaa yote ya muuzaji, mjane na mabinti wakiwemo, mbele ya wazee wa mahali. Awaulize wanaopakana na kiwanja. Atazame msikiti u umbali gani, na watoto wake watasomea wapi Qur'ani. Na akiwa ataka kupangisha vyumba, ajue mapema ni nini kitakachofanywa ndani yake, kwani mji wa mpakani una wapitaji wengi na kodi za kila namna.

Ama Busia na Malaba, yote miwili ni ardhi ya Mwenyezi Mungu, na hatuna dalili ya kuufadhilisha mmoja. Ikiwa kiwanja cha Busia ni cha bei mara mbili na wenyewe wote wameridhia, na cha Malaba ni rahisi na yupo yatima anayelia, basi cha Busia ndicho kilicho rahisi. Na mambo yakiwa kinyume, jibu nalo litakuwa kinyume. Afanye shauri na istikhara, kisha anunue pale ambapo siku ya kufa kwake jirani watakuja kumzika bila ya kinyongo.

Mwenyezi Mungu atujaalie makazi ya halali na ujirani mwema, na atukinge tusiwafanyie wengine tuliyoyalia sisi. Amin.